Geuza Karatasi Kwanza: Mwongozo wa Kuchagua Maka Peni Kazini

Katika habari zote za maka peni, hakuna sifa inayonichosha kama ile ya kusema kwamba imekolea mpaka imetokea nyuma. Husemwa dukani, husemwa stoo, na zaidi husemwa kwenye semina. Mwezeshaji anaandika kichwa cha mada kwenye bango kitita, wino unazama, harufu inajaa chumba kizima, na waliokaa mstari wa mbele wanaridhika kwamba leo imeletwa maka ya watu wazima. Kazi mbovu imepigiwa makofi. Kilichotokea nyuma ya karatasi si ubora wa rangi; ni zailini, toluini au spiriti iliyoibeba rangi hiyo, nayo haikukomea kwenye karatasi, imeendelea na safari hadi mapafuni mwa wote waliohudhuria. Na Lushoto ni wilaya ya semina hasa. Tangu mradi wa SECAP ulipoanza kuwafundisha wakulima kukinga udongo miaka ya 1980, milima hii ya Usambara haijapungukiwa na miradi, warsha na mafunzo. Ukiongeza Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo mjini na kituo cha utafiti wa misitu cha TAFORI, utaona kwamba maka nyingi zinaishia huku. Watu wanaozitumia kiasi hicho walipaswa kuwa wajuzi wake, na mjuzi hasifu kitu kinachovuja.

Hoja yangu ni moja, ingawa nitaiendea kwa njia kadhaa: maka yenye kiyeyushi kikali haihitajiwi na mwandishi, inahitajiwa na kitu kinachoandikwa, na mara nyingi kitu hicho kinaweza kubadilishwa. Anayekwenda dukani kutafuta maka salama bila kujiuliza kwanza ataandika juu ya nini, atarudi na kalamu isiyoshika kwenye plastiki, atalalamika wiki mbili, kisha atairudia ile ya zamani huku akisema mambo ya usalama ni ya makaratasi tu. Ujuzi unaanzia kwenye kiroba, tenga, gogo, karatasi na ubao. Kalamu inafuata baadaye.

Maandishi madogo kwenye maka za viyeyushi huagiza zitumike mahali penye hewa ya kutosha. Agizo hilo aliliandika mtu asiyeijua Malindi. Nasema Malindi ya milimani, kata ya upande wa Magamba na Lukozi, si ile ya pwani ya Kenya ambako dirisha likifungwa mchana watu wanalalamika. Huku, kuanzia Juni mpaka Agosti, ukungu unachelewa kuondoka, mlango unafungwa, madirisha yanafungwa, na watu wenye makoti wanajazana ofisini wakipeana joto. Baridi inapunguza kasi ya wino kuvukia, hilo ni kweli, lakini haiuzuii. Na mvuke ukishatoka kwenye karatasi hauna pa kwenda. Hesabu yake si ngumu. Chukua stoo ya mita 4 kwa 3, dari mita 2.5: ujazo wake ni mita za ujazo 30. Gramu 1 ya zailini ikivukia yote humo bila hewa kubadilika, inafikia takriban sehemu 8 kwa milioni. Sheria ya Marekani inamruhusu mfanyakazi kuvuta wastani wa sehemu 100 kwa saa nane, lakini hicho ni kipimo cha zamani. Jumuiya ya wataalamu wa afya ya kazini ya huko huko, ACGIH, sasa inapendekeza 20 tu, na kwa toluini vilevile 20.

Kwa hiyo nakubali mapema, kabla sijaulizwa: anayeandika anwani moja kwenye bahasha kwa maka ya zailini hafi, wala haugui. Wanaotisha watu kwamba kila maka ni saratani wanaiharibu hoja nzuri. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeziacha zailini na toluini katika kundi la 3, yaani ushahidi haujatosha kuzihukumu. Yenye mashaka ni ethilibenzini, inayoandamana na zailini ya viwandani, ambayo imewekwa kundi la 2B. Madhara ya kila siku ni ya kawaida zaidi: kichwa kuuma, macho kuwasha, kizunguzungu, kichefuchefu, na pumu kuchochewa kwa aliye nayo. Hata hivyo, wastani wa chumba si wastani wa pua. Karani wa soko anayeinamia magunia mamia ya karoti na kabichi yanayopakiwa kwenda Kariakoo, uso wake ukiwa shubiri moja na nusu kutoka kwenye ncha, anavuta mengi kuliko aliyesimama mlangoni, na kesho gari jingine linakuja. Mtu huyo ndiye kipimo cha maka yoyote. Mwezeshaji wa siku mbili ana nafasi ya kusahau; karani hana.

Anayeikuza hatari hii ndogo ikawa kubwa ni mjazaji. Maka ikikauka, yeye huing'oa ncha kwa koleo, humimina thina ndani ya mwili wa kalamu, huirudisha ncha, na kuitoa tena kama mpya. Anasifiwa kwa kubana matumizi. Toluini, ambayo thina nyingi za rangi huwa nayo, ina uzito wa gramu 8.7 kwa kila mililita 10. Kiasi hicho kikivukia chote kwenye stoo ile ile ya mita za ujazo 30 kinatoa takriban sehemu 77 kwa milioni, karibu mara nne ya pendekezo la ACGIH. Na huyu ni mjazaji mwenye staha, maana wapo wanaotumia petroli, na petroli ina benzini, ambayo haina mjadala: ipo kundi la 1. Maka iliyojazwa inajitangaza kwa anayejua kutazama. Ncha ina makovu ya meno ya koleo. Wino wa mistari ya mwanzo umepauka, kwa kuwa rangi ni ile ile ya zamani iliyochanganywa na maji mengi yasiyo maji. Ukiielekeza chini inadondosha. Na ishara iliyo wazi kuliko zote iko kwenye mwili: maandishi ya chapa yamefutika upande mmoja, kwa sababu vidole vyenye thina vimeyala. Kalamu yenye jina nusu isinunuliwe hata kwa bei ya pipi.

Baada ya mjazaji anakuja mdanganyifu mwenye adabu zaidi, naye ni lebo. Maneno yanayosema bidhaa haina sumu yamechapwa kwenye maka nyingi kiasi kwamba hayasemi tena lolote. Wanunuzi wanaojiona waangalifu hutafuta kiwango cha ASTM D-4236, na wakikiona wanatulia. Lakini kiwango hicho cha Marekani kinahusu uwekaji wa maonyo kwenye vifaa vya sanaa. Kukifuata maana yake ni kwamba kama kuna hatari ya kutajwa, imetajwa. Hakisemi kwamba hatari haipo. Muhuri wa AP unaotolewa na taasisi ya ACMI una uzito zaidi, kwa sababu mtaalamu wa sumu hupitia mchanganyiko wenyewe, ila maka za spiriti nazo huupata; si ushahidi wa wino wa maji. Ushahidi wa kwamba jina la chapa halitoshi ni Sharpie. Kalamu zake za kawaida zina wino wa alkoholi na muhuri huo wa AP, wakati zile pana za King Size na Magnum kwa miaka mingi zilikuwa na zailini, bila muhuri, katika familia moja na kwa jina moja. Mnunuzi anayesema nataka Sharpie hajasema kitu.

Kisha kuna pua, ambayo watu wanaiamini kupita kiasi kwa pande zote mbili. Wapo wanaodhani harufu kali ndiyo nguvu ya wino. Harufu hiyo ni lumbesa: mnunuzi anafurahia kilichozidi, na anayeumia ni aliyebeba. Wapo pia waliohamia kwenye maka zinazotangazwa kuwa na harufu hafifu, wakidhani wamemaliza kazi. Harufu hafifu inaeleza pua inanusa nini, haielezi kalamu ina nini. Zailini hunuswa hata ikiwa chini sana ya kiwango cha kudhuru, ndiyo maana inachukiwa haraka. Kiyeyushi kingine kinaweza kuwa kimya zaidi puani bila kuwa mpole zaidi mwilini. Baadhi ya maka za ubao mweupe zilitumia kiyeyushi kinachoitwa kwa kifupi MIBK badala ya zailini, na baadaye IARC ikakiweka nacho kundi la 2B. Kubadilisha kiyeyushi kwa kiyeyushi bila kuuliza jina lake ni kuhamisha tatizo kutoka meza hii hadi ile. Na kuhusu maka zinazonukia ndizi na stroberi, nitasema tu kwamba hazina nafasi mahali pa kazi. Zinaifundisha pua kuisogelea kalamu, na aliyefundishwa kuinusa maka ya maji hatauliza kitu siku atakapopewa ya toluini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mnunuzi wa kawaida hulipita kila mara, nalo liko upande wa pili wa karatasi. Tazama mtu anavyojaribu maka dukani. Anavuta mstari mmoja wa haraka juu ya kipande cha boksi alichopewa na muuzaji, anautazama kwa mbele, anaona mweusi, analipa. Amekosea mara tatu. Boksi ni nene, halionyeshi kinachopita. Mstari wa haraka haukai mahali pamoja hata wino ukapata muda wa kusema ukweli. Na upande wa mbele wa karatasi ni upande wa maonyesho. Mjuzi anakwenda na karatasi zake mbili za kawaida, anazipandanisha, anaweka ncha juu ya ile ya kwanza na kuiacha imetulia mpaka ahesabu tano. Nukta, si mstari. Kisha anasubiri kidogo, anageuza.

Sababu iko kwenye karatasi yenyewe kabla ya kuwa kwenye wino. Karatasi ya kuandikia hutengenezwa ikiwa imetiwa dawa ya kuzuia maji yasisambae kwenye nyuzi zake. Bila dawa hiyo ingekuwa karatasi ya kunyonya wino tu. Aliyeitengeneza alikuwa anafikiria maji. Hakuwa anafikiria spiriti. Tena maji yana tabia ya kujikusanya: nguvu ya uso wake ni takriban milinyutoni 72 kwa mita, wakati ya ethanoli ni 22 na ya zailini ni chini ya 30. Kinachojikusanya hukaa juu, kinachotawanyika hupenya. Kwa hiyo nyuma ya karatasi unasoma aina ya kibebaji kama vile mtaalamu anavyosoma kipimo, na hakuna lebo inayoweza kuyabadilisha matokeo hayo.

Nyuma kukiwa safi, huku karatasi imejikunja kidogo na kufanya vijiwimbi kuzunguka nukta, ni maji. Vijiwimbi hivyo wasiojua huviona kama dosari, wakamrudishia muuzaji kalamu iliyo bora kuliko zote alizonazo; karatasi imevimba kwa sababu imelowa, na imelowa kwa sababu kilichobeba rangi ni kitu kile kile tunachokunywa. Nyuma kukiwa na nukta ile ile, imetimia, kingo zake kali, kana kwamba umeandika pande zote mbili, na karatasi ikiwa imelala tambarare kabisa, ni alkoholi. Na nyuma kukiwa na nukta iliyozungukwa na duara la mafuta, la manjano kidogo, linaloendelea kupanuka hata baada ya kuondoa kalamu, hiyo ni jamii ya zailini au kitu kizito zaidi. Irudishe bila maelezo. Karatasi ya pili, ile ya chini, ni ya kuthibitisha. Wino uliofika huko ungefika kwenye ukuta wa darasa, kwenye meza ya ofisi ya kata, kwenye ukurasa unaofuata wa daftari la mahudhurio. Ukipita kwenye kumbi zinazofanyiwa mafunzo utaona kuta zenye vivuli vya maneno: malengo, changamoto, mikakati, bado yanasomeka kwenye chokaa. Waliochora vivuli hivyo walisifiwa kwa kuandika maandishi yanayoonekana vizuri.

Kipimo hiki kina watu wanaokipinga, nao wana jambo. Wanasema karatasi nyepesi isiyo na dawa ya kutosha, ile ya kijivu inayofanana na ya gazeti, hupitisha hata wino wa maji. Ni kweli, na ndiyo maana nimesema nenda na karatasi yako. Wanasema pia maka ya kiyeyushi iliyokaribia kukauka haitokei nyuma, kwa hiyo inaweza kufaulu kwa udanganyifu. Hilo nalo ni kweli, na wauzaji wajanja wanalijua: huzisimamisha kalamu ncha juu mpaka wino ushuke, ndipo wakuruhusu ujaribu. Ilaze kalamu dakika chache au ielekeze chini kabla ya kujaribu. Mwenye shaka bado aende dirishani. Nukta ya wino wa maji wa kawaida juu ya kioo hujikunyata na kuwa vitone. Ya kiyeyushi hutandaa nyembamba na kukauka kabla hujaondoa mkono. Kioo hakina dawa ya kuzuia chochote, basi hakina cha kusingiziwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wino wa maji huoshwa na maji, na milima ya Usambara haina uhaba wa maji. Lebo ya tenga iliyoandikwa asubuhi itafika Mombo ikiwa doa. Jibu ni kwamba hapa watu wamechanganya kibebaji na rangi. Kinachooshwa ni rangi ya kuyeyuka. Pigimenti ikishakauka haiyeyuki tena, hata kama iliyoibeba ilikuwa maji matupu. Kalamu za Posca zilizotoka Japani mwaka 1983 ni za maji na za pigimenti, na zinaandika juu ya mbao, kioo na bati. Mababu wa pwani walioandika kwa hati za Kiarabu kwa wino wa masizi na gundi nao walikuwa wanatumia pigimenti iliyobebwa na maji, na hakuna aliyewauzia zailini. Kipimo ni tone la maji juu ya maandishi yaliyokauka, kisha kidole. Lakini yaache yakauke kweli. Mjini Tanga dakika chache zinatosha. Malindi wakati wa ukungu nusu siku si nyingi, na anayekimbilia kufuta baada ya dakika mbili anaipima subira yake, si kalamu.

Mabingwa wa kuandika alama, nikisema ukweli, hawakuwa watu wa maka kabisa. Mwangalie mtu wa mimea. Lushoto mjini, TAFORI ina hifadhi ya mimea iliyokaushwa, urithi wa kazi iliyoanza milima hii na taasisi ya Amani mwaka 1902, na wakusanyaji wa fani hiyo huandika vibandiko vyao porini kwa penseli. Sampuli nyingine huhifadhiwa ndani ya spiriti. Maka ya spiriti ikiingia humo jina linaelea juu baada ya muda mfupi na sampuli inabaki bila asili. Grafiti haiyeyuki kwenye maji, haiyeyuki kwenye spiriti, haipauki kwa jua. Fundi wa maabara ya zahanati anajua hilo hilo: slaidi ya makohozi inayopimwa kifua kikuu huandikwa kwa penseli kwenye ncha yake yenye ukwaruzo, kwa kuwa asidi na alkoholi za kusafishia rangi zingefuta namba ya mgonjwa. Ni ajabu kwamba penseli inaonekana kama kitu cha watoto wa darasa la pili wakati watu ambao makosa yao ni ghali zaidi ndio walioichagua.

Wasimamizi wa misitu nao walikuwa na nyundo. Gogo lililopigwa nyundo ya mhuri halihitaji wino wa aina yoyote, na mvua ya Shume haijawahi kuifuta alama hiyo. Chini kule, mkonge ulioletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893 ulijenga mkoa mzima, na robota zake zilikwenda bandarini zikiwa na chapa ya shamba iliyopigwa kwa brashi kupitia bati lililokatwa herufi. Herufi zile zilikuwa na mikato midogo katikati ya O na katikati ya A ili bati lisianguke, na ukiziona leo kwenye picha za zamani utakubali kwamba zilikuwa nzuri kuliko mwandiko wowote wa maka uliopo sokoni. Sikatai kwamba hapa nasukumwa na mapenzi ya vitu vya zamani. Lakini bati lile bado linakatwa, fundi bati yupo kila mji, na rangi ya maji ya ukutani inapita juu ya kiroba cha sandarusi vizuri tu, mradi brashi iwe kavu kiasi. Karani mwenye bati la herufi za mwenye mzigo anamaliza magunia mia kabla mwenye maka hajafika hamsini, na anafanya hivyo akiwa amesimama wima.

Hapo ndipo pingamizi la plastiki linapopata jibu lake. Kreti la plastiki linakataa wino wa maji wa kawaida, nami silitetei. Ila hakuna sheria inayosema jina la mwenye mali lazima likae juu ya plastiki. Funga kibao cha boksi gumu kwa kamba ya katani, andika kwa penseli laini au kwa wino wa maji, na kreti litarudi Lukozi safi, likiwa tayari kwa jina jingine. Ubao mbichi uliotoka kiwandani unakataa maka zote, za maji na za zailini, kwa hiyo wanaoichagua zailini kwa ajili ya mbao wanapata harufu bila faida. Kinachoshika hapo ni kalamu ya nta. Chuma cha fundi wa kuchomelea kinataka chaki. Kila kitu kinapotajwa kwa jina lake, mahitaji ya kiyeyushi yanapungua mpaka yanabaki machache sana, kama vile alama ya kudumu juu ya chuma chenye mafuta, nayo ifanyiwe nje ya mlango.

Ubao mweupe ndio unaobaki na ugumu halisi, maana wino wake umeundwa ubanduke, na nyingi hutumia alkoholi ili ukauke upesi. Ethanoli ndiyo ya kuvumiliwa humo, dirisha moja likiwa wazi hata kama kuna baridi, na maji ya kusafishia ubao yawe ya sabuni. Mimi kwa upande wangu sioni kwa nini shule ya milimani iliyokuwa na ubao mweusi mzuri iliuondoa. Chaki ina vumbi, ndiyo, lakini vumbi linaonekana, linafutwa kwa kitambaa chenye unyevu, na chaki haijawahi kukauka kwa sababu mwanafunzi amepoteza kofia.

Habari ya kofia inanipeleka kwenye bei, pingamizi linalotolewa mwisho na linaloamua mengi. Maka za maji ni ghali kidogo na madukani Lushoto huzipati kila siku. Lakini maka nyingi hufa kwa kofia iliyoachwa wazi, na wino wa maji huvumilia uzembe huo kuliko wa alkoholi. Zaidi, ncha yake ikianza kukauka matone machache ya maji safi huifufua, bila koleo na bila thina. Kuhusu umbo, chukua ncha ya patasi. Ncha ya mviringo huandika herufi zisizo na mifupa, na mtu mzima hana sababu ya kuitumia. Rangi ziwe nyeusi na bluu. Kijani kwa mstari wa chini. Nyekundu ni ya kukosoa na haisomeki kutoka viti vya nyuma. Kofia iwe na tundu juu yake, ili hewa ipite kwa mtoto atakayepaliwa nayo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri apunguze hatari kadiri inavyowezekana, na wakaguzi wa OSHA, wakala unaoisimamia, wana kazi kubwa kuliko kunusa maka za ofisi za kata. Kwa hiyo mabadiliko yanafanyika kwenye fomu ya mahitaji au hayafanyiki. Mstari unaosema maka peni, boksi mbili, utaleta chochote kilicho rahisi kwa muuzaji. Uandikwe: maka peni ya wino wa maji, pigimenti, ncha ya patasi, nyeusi na bluu, iletwe na karatasi ya taarifa za usalama. Karatasi hiyo ina sehemu 16, na mbili zinatosha: ya 3 inataja kilichomo, ya 9 inataja joto la kushika moto. Ikionyesha nyuzi 13, hiyo ni ethanoli, na neno maji lililo kwenye boksi ni pambo. Ikionyesha nyuzi 4, ni toluini, na mzigo urudishwe ukiwa bado na gundi ya muuzaji. Penseli, kamba ya katani na kalamu za nta ziombwe kila moja kwenye mstari wake, maana zikiwekwa chini ya vifaa mbalimbali mhasibu atazikata.